Kigoma Niliyoonyeshwa na Michael Palin

Nimepotea kidogo, maisha ya chumba cha habari mnayajua wenyewe. Leo nimerudi na nina jambo limenikaa kooni tangu Jumapili. Nisipolitema hapa nitalitema kwenye kikao cha wahariri, na hapo kibarua kitaota nyasi. Afadhali nilitemee hapa.

Lilianza kwa uvivu tu. Mvua inanyesha, barabara zimejaa maji, hakuna pa kwenda. Rafiki yangu mmoja alikuwa ameniachia flash yenye vipindi vya zamani vya BBC. Nikachomeka, nikakutana na Pole to Pole, ule mfululizo wa Michael Palin uliorushwa mwaka 1992. Kwa ambao hamkuwahi kuuona: Palin ni yule Mwingereza wa kundi la wachekeshaji la Monty Python. Mwaka 1991 alifunga safari kutoka Ncha ya Kaskazini kwenda Ncha ya Kusini, akijaribu kufuata mstari wa nyuzi 30 mashariki, kwa sababu ndio unaopita nchi kavu nyingi kuliko mistari mingine ya longitudo. Mstari huo unapita jirani kabisa na Kigoma. Kwa hiyo jamaa akaingia nchini kwetu, akapanda treni ya Reli ya Kati pale Dodoma, akaenda nayo hadi mwisho wa reli, kisha akapanda MV Liemba kushuka na Ziwa Tanganyika hadi Mpulungu, Zambia.

Sasa sikilizeni. Siku hiyo nyumbani kulikuwa na mgeni, mjomba wangu, kaja mjini kutibiwa macho. Mzee huyu alifanya kazi kwenye meli za ziwani miaka mingi, upande wa injini. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, nikadhani amesinzia. Ile treni ilipoanza kusogea kwenye skrini akafungua macho. Ilipofika Kigoma akakaa. Liemba ilipotokea akasimama kabisa, akasogea hadi pua inakaribia kugusa kioo, akasema, "Mjomba, simamisha hapo."

Nikasimamisha. Palin wa watu akabaki ameganda na kinywa wazi, mzee akachukua usukani. Saa mbili nzima! Akazitaja bandari moja baada ya nyingine kama mtu anayesali rozari: Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kabwe, Kirando, Kipili, Wampembe, Kala, Kasanga. Akanieleza jinsi meli inavyosimama mbali na ufuko usiku wa manane kwa sababu hakuna gati, honi inalia, na mitumbwi inakuja mbio gizani kila mmoja ukitaka kuwa wa kwanza kufika ubavuni. Akina mama na magunia ya dagaa wanavutwa kwa mikono kuingizwa ndani. Akanieleza mwaka 1997, Mobutu alipoangushwa, jinsi Liemba ilivyobeba wakimbizi kuwarudisha kwao Kongo, safari baada ya safari. Idadi yao ilizidi 75,000. Meli moja, kuukuu!

Alipomaliza nikamuuliza wenzake wa chumba cha injini wako wapi siku hizi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, anakunja kimoja kimoja. Kikabaki kimoja. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike leo:

"Huyu Mzungu alitoka kwao mpaka Kigoma kutupiga picha. Na nyie mnaofanya kazi hiyo hapahapa, mbona hamkuja?"

Sikuwa na jibu. Na ninawaambia ukweli, simu yenye kamera ilikuwa mfukoni mwangu saa mbili zote hizo na sikurekodi hata neno moja.

Kwanza nimtoe Palin kwenye lawama, maana najua kuna wadau hapa hasira zao zote ni kwa Mzungu. Palin alifanya kazi yake. Alikuwa anawaonyesha watu wa kwao dunia, kwa macho ya mtu wa kwao. Hakuwa na deni la kutusimulia sisi habari zetu. Mwenye deni hilo ni sisi. Ukiwaachia majirani wakulelee mtoto, usilalamike akianza kuongea kama wao.

Na tuwe wa haki, mwaka 1991 tulikuwa na kisingizio. Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini huku Bara tulisubiri hadi vituo binafsi vilipoanza mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikafuata miaka michache baadaye. Yaani Palin anapita Tabora na kamera zake, mtoto wa Tabora angetaka kuiona Tabora kwenye runinga ingebidi aende Uingereza! Sawa, hicho ni kisingizio. Lakini kimekwisha tangu mwaka 1994. Imepita zaidi ya miaka thelathini, jamani. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana watoto wake, na bado nikitaka kumwonyesha mjomba wangu kazi aliyoifanya maisha yake yote, inabidi nichomeke flash ya BBC.

Tumefanya nini katika miaka hiyo? Naongea kama mtu wa ndani. Niliwahi kupeleka wazo kwenye kituo kimoja nilichokuwa nafanyia kazi, jina kapuni. Vipindi kumi na mbili, kimoja kila wiki, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, kwa Kiswahili, kufuata njia ya zamani ya misafara. Bosi akasoma ukurasa wa kwanza, akauliza, "Mdhamini nani?" Nikasema bado. Akaniuliza, "Nani atakaa aangalie mawe?" Wiki hiyo hiyo nilitumwa kuandika habari za semina tatu, zote zimefunguliwa na mgeni rasmi, zote zina picha ya pamoja. Hizo zilikuwa na mdhamini.

Mawe, eti. Haya, tuyaangalie hayo mawe.

Ukienda Ujiji leo utaoneshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone, mwezi Novemba 1871. Kuna mnara, kuna miembe inayosemekana ni vizazi vya ule mwembe wa siku ile, na ndani ya jumba la kumbukumbu kuna sanamu za hao mabwana wawili wanavuliana kofia. Kila mtoto aliyesoma shule ya msingi anawajua. Sasa niulize: nani alimfikisha Stanley hapo? Kiongozi wa askari wa msafara wake alikuwa mtu anayeitwa Sidi Mubarak Bombay. Bombay alikuwa Myao, alitekwa mtoto, akauzwa utumwani, akapelekwa India, bwana wake alipokufa akapata uhuru akarudi Zanzibar. Mwaka 1858 alifika Ujiji na Burton na Speke. Akarudi tena bara na Speke na Grant wakitafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1871 yuko na Stanley. Halafu kama vile haitoshi, akaenda na Cameron, wakaikata Afrika kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Atlantiki, wakatokea huko mwaka 1875. Kwa miguu! Jumuiya ya Kijiografia ya London ikampa medali ya fedha.

Msafiri wa namna hiyo angekuwa wa kwao, wangekuwa wametengeneza mfululizo wa tano sasa hivi. Sisi hatujampa hata kipindi cha nusu saa baada ya taarifa ya habari. Na akina Susi na Chuma, waliobeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo mwaka 1873 na 1874, wao ni mstari mmoja kwenye daftari la historia, tunaukariri siku ya mtihani na kuusahau kesho yake.

Tupande meli sasa. Hiyo Liemba si chuma chakavu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Kigoma kwa reli iliyofika huko mwaka 1914. Ikateremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikiwa meli ya kivita. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wamezidiwa wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wakaipaka injini grisi vizuri. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, injini bado inafaa! Mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba. Mjomba anaposimulia habari ya ile grisi, anasimulia kwa wivu wa fundi kwa fundi. Meli hiyo imeona Vita Kuu ya Kwanza, imeona uhuru, imebeba dagaa, migebuka, mawese, wakimbizi wa Kongo na mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi. Miaka ya karibuni ilikaa bandarini muda mrefu bila kufanya kazi, na mwaka 2023 ulitiwa saini mkataba wa kuikarabati. Vyombo vyetu vikaripoti nini? Thamani ya mkataba na jina la mgeni rasmi.

Pita Karema. Huko aliishi Adrian Atiman, mtu wa nchi za Tombouctou kule Mali, aliyetekwa utotoni akauzwa, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, akaletwa Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto wa jangwani aliyegeuka daktari wa ziwani! Mjomba anamjua, kwa sababu wazazi wake walimjua. Wewe uliyesoma hadi chuo kikuu ulishawahi kumsikia? Mimi nilimsikia Jumapili, kwenye kochi.

Teremka Kasanga, nyuma yake kuna maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba juu ya maporomoko hayo yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya viumbe walioishi kabla yetu, miaka kama 476,000 iliyopita. Ndiyo kazi ya ujenzi wa mbao ya zamani kuliko zote zinazojulikana duniani. Duniani, wadau! Habari hiyo ilienea dunia nzima. Nimejaribu kukumbuka wiki hiyo chumba chetu cha habari kilikuwa kinahangaika na nini. Kama sikosei, usajili wa mshambuliaji.

Na upande wa kaskazini iko Gombe. Jane Goodall alifika hapo Julai 1960, na alipofariki Oktoba 2025 dunia ilimlilia, kwa haki kabisa, alistahili. Lakini kuna kisa ambacho hatukisimulii. Mei 1975 waasi kutoka Zaire walivuka ziwa wakateka watafiti wanne wageni. Wageni wengine wakaondolewa. Utafiti ukafa? Haukufa. Watanzania wa vijiji vya pale, waliokuwa wakiitwa wasaidizi, wakaendelea kupanda vilima kila asubuhi na madaftari yao, wakiandika kwa Kiswahili sokwe gani kala nini na kalala wapi. Ndiyo maana kumbukumbu za Gombe ni ndefu namna ile bila kukatika. Sasa niambieni, kipindi gani cha runinga yetu kimewahi kukaa na mmoja wa wazee wale kikamuuliza, "Mzee, ilikuwaje?"

Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia mambo mawili.

La kwanza, kwamba mambo yamebadilika, kuna Tanzania Safari Channel tangu Desemba 2018, na kuna ile filamu ya Royal Tour iliyozinduliwa New York Aprili 2022, Rais Samia mwenyewe akiwa mwongoza watalii. Nakubali. Sibezi. Nchi inahitaji fedha za kigeni, na watalii hawaji kwa maombi. Lakini angalieni ile filamu inaongea na nani. Mtangazaji ni Peter Greenberg, Mmarekani, na anayekaribishwa ni Mmarekani mwenzake mwenye dola. Ni tangazo la duka, na duka lazima litangazwe. Mimi nauliza habari ya nyumba. Mtu anaweza kuwa na duka linalouza vizuri huku watoto wake hawajui babu yao alizikwa wapi.

La pili, kwamba pesa hakuna. Hapa nitakuwa mkali. Mwaka 1991 ulihitaji kikosi cha watu, kamera nzito, mikanda ya filamu na hundi ya BBC. Leo kila mmoja wetu anatembea na kamera mfukoni. Tiketi ya kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania ni sehemu ndogo tu ya anayolipa mgeni. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakufikisha Dodoma, pale pale alipoanzia Palin. Pesa ya harusi tunazo, pesa ya kitchen party tunazo, pesa ya kwenda Dubai kupiga picha chini ya jengo refu tunazo. Rafiki zangu wengi wamefika Dubai mara mbili na hawajavuka Morogoro isipokuwa kwenye msiba. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, siwanyooshei kidole nikiwa nimesimama nje.

Tatizo letu ni kwamba tumeamini utalii ni kazi ya Mzungu. Mzungu akivaa kofia na kutembea porini ni msafiri. Wewe ukifanya hivyo unaulizwa umepatwa na nini, umefiwa? Tumesahau kwamba sisi tulikuwa wasafiri na waandishi wa safari kabla televisheni haijabuniwa. Mwaka 1901 kilichapishwa kitabu kinachoitwa Safari za Wasuaheli, kilichohaririwa na Mjerumani Carl Velten. Humo Sleman bin Mwenye Chande anasimulia kwa Kiswahili safari yake ya bara. Na Selim bin Abakari anasimulia, shikeni viti, safari yake ya Urusi na Siberia! Mswahili kafika Siberia, kaona barafu na watu wake, kaandika. Miaka tisini baadaye Palin anapita Urusi na kuja kwetu, tunamwona ni maajabu. Babu zetu walikwishaifanya kazi hiyo kinyumenyume.

Kwa hiyo naomba nisieleweke vibaya. Sisemi tuache kuangalia vipindi vya zamani vya wageni. Viangalieni! Ni ushahidi. Mle ndani kuna stesheni kabla hazijapakwa rangi mpya, kuna nyuso za watu ambao wengine hawapo tena, kuna honi ya meli ambayo mjomba wangu aliitambua kabla meli haijaonekana. Lakini usiviangalie peke yako. Mwite mzee. Mkalishe mbele ya skrini, simamisha picha, halafu wewe nyamaza. Mgeni alipiga picha ya nje, mzee atakueleza ya ndani. Na kwa jina la Mungu, rekodi. Usiwe mjinga kama mimi.

Na nyie wenye vituo, mlioniuliza nani ataangalia mawe: mzee wa miaka sabini na ushei, mwenye mtoto wa jicho, alisimama wima saa mbili mbele ya laptop ya inchi kumi na tano. Mtazamaji wenu huyo hapo. Mnachokosa ni cha kumwonyesha.

Mjomba amepangiwa kliniki ya macho mara moja zaidi, halafu anarudi Kigoma. Nimeomba likizo, bila malipo, bosi amekubali kwa shingo upande. Tutaondoka pamoja. Sina mdhamini wala kikosi. Nina simu, betri mbili za akiba na daftari. Nitaanza na kile kidole kimoja kilichobaki, yule mzee mwenzake wa chumba cha injini, maana mjomba anasema yule ndiye anayejua mengi kuliko yeye, na kwamba kifua kinamsumbua.

Kila mmoja wenu ana mjomba wa namna hii mahali fulani. Mpigieni simu leo, msisubiri Krismasi.

Naomba kuwasilisha.